Baada ya Kura, Chama Kibaki Chama

Funzo la Zambia kwa wafanyakazi wa viwandani na mashambani



Kila uchaguzi wa Rais unapomalizika, katika nchi yoyote ya hizi zetu, watu hugawanyika mafungu mawili. Walioshinda hupiga ngoma na kuimba barabarani. Walioshindwa hufunga milango na kusikiliza redio kwa sauti ya chini. Lakini asubuhi ya pili king'ora cha kiwanda hulia saa ile ile, mkata miwa hushika panga lake, na mchuma chai huvaa kikapu chake mgongoni. Mzani wa shamba haumuulizi mtu alimpigia nani kura.

Asubuhi hiyo ndiyo tunayotaka kuizungumzia. Mambo ya kampeni yamesemwa sana, na mambo ya siku ya kura yamesemwa sana. Yanayosemwa kidogo ni yale yanayompata mfanyakazi baada ya mshindi kuapishwa, hasa pale mshindi anapokuwa mtu ambaye wafanyakazi wenyewe walimbeba mabegani. Je, chama cha wafanyakazi kifanye nini hapo? Kinyamaze kwa kuwa mtu wetu ameshika usukani? Au kiendelee kudai kama zamani?

Ili kujibu swali hili tumechagua habari ya wenzetu wa Zambia. Huko, mwaka 1991, mwenyekiti wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi alichaguliwa kuwa Rais wa nchi. Ni habari ya miaka mingi, lakini mafunzo yake hayajazeeka hata kidogo.

KARANI WA KATANI ALIYEFIKA IKULU

Frederick Chiluba hakutoka katika nyumba ya wakubwa. Alipokuwa kijana alifanya kazi ya ukarani katika shamba la katani nchini Tanzania. Aliporudi kwao alipata kazi katika kampuni ya mitambo mjini Ndola, akajiunga na chama cha wafanyakazi wa ujenzi, uhandisi na kazi za jumla. Akapanda ngazi moja moja, hata katika miaka ya sabini akawa mwenyekiti wa Shirikisho la Vyama vya Wafanyakazi la Zambia, lile linaloitwa kwa kifupi ZCTU.

Nchi ilikuwa ya chama kimoja, UNIP, chini ya Rais Kenneth Kaunda aliyeiongoza tangu uhuru wa tarehe 24 Oktoba 1964. Vyama vingine vya siasa vilikuwa vimefungwa tangu miaka ya mwanzo ya sabini. Kwa hiyo mahali pekee ambapo watu wengi waliweza kukutana, kuchagua viongozi wao na kuihoji serikali, palikuwa katika vyama vya wafanyakazi na makanisani. Wachimba madini wa Ukanda wa Shaba walikuwa na nguvu kuliko wote, maana nchi nzima ilikula kutokana na shaba. Mgodi ukisimama, hazina ya serikali ilikauka.

Mwaka 1981, baada ya migomo migodini, Chiluba na viongozi wenzake kama Newstead Zimba na Chitalu Sampa walitiwa kizuizini. Mahakama iliamua kwamba kizuizi kile hakikufuata sheria, nao wakaachiliwa. Tangu siku hiyo wafanyakazi walimwona Chiluba kuwa mtu asiyenunulika.

UNGA ULIPOPANDA BEI

Tusifiche ukweli: uchumi wa Zambia ulikuwa mgonjwa muda mrefu kabla ya uchaguzi ule. Tangu katikati ya miaka ya sabini bei ya shaba duniani ilianguka, wakati bei ya mafuta ilipanda. Serikali ilikopa ili kuziba pengo, ikidhani bei ya shaba itarudi. Haikurudi. Ilipofika mwaka 1991 deni la nje lilikuwa kiasi cha dola bilioni 7, na nchi yenyewe haikuwa na watu hata milioni 10.

Wakopeshaji walikuja na masharti yao, na sharti la kwanza lilikuwa kuondoa ruzuku ya unga wa mahindi. Unga kule ndio chakula. Wao huuita ugali wao nshima, sisi tunauita posho, lakini tumbo ni lile lile. Desemba 1986 bei ilipopandishwa, watu wa miji ya migodi waliingia barabarani, watu wakafa, na serikali ikarudisha bei ya zamani. Juni 1990 bei ikapandishwa tena, zaidi ya mara mbili. Ghasia zikazuka Lusaka na kuenea. Watu zaidi ya 20 wakafa. Siku chache baadaye mwanajeshi mmoja akateka redio ya taifa na kutangaza kwamba serikali imepinduliwa. Haikuwa kweli, lakini watu walitoka nje kushangilia.

Tangu mwisho wa mwaka 1989 shirikisho la wafanyakazi lilikuwa limekwisha sema hadharani kwamba mfumo wa chama kimoja umefikia mwisho. Julai 1990 wanasheria, wafanyabiashara, wasomi na viongozi wa wafanyakazi walikutana Lusaka wakaunda mwungano ulioitwa MMD. Chiluba ndiye aliyechaguliwa baadaye kuuongoza. Kwa nini yeye? Kwa sababu wafanyabiashara walikuwa na fedha, wasomi walikuwa na maneno, lakini wafanyakazi ndio waliokuwa na matawi katika kila mji. Mtandao wa shirikisho ndio uliokuwa miguu ya MMD.

Hapo ndugu tuangalie vizuri. Katika chungu kimoja walitiwa watu wa namna mbili: mfanyakazi anayetaka unga wa bei nafuu, na tajiri anayetaka mashirika ya umma yauzwe ili anunue. Wote walikubaliana juu ya neno moja tu, kwamba Kaunda aondoke. Juu ya yatakayofuata hawakukubaliana, na wala hawakukaa chini kuulizana.

SIKU YA KURA NA HESHIMA YA KUSHINDWA

Uchaguzi ulifanyika tarehe 31 Oktoba 1991. Chiluba alipata karibu kura 76 katika kila 100, na Kaunda 24. Katika viti 150 vya Bunge, MMD ilichukua 125 na UNIP 25. Chiluba aliapishwa tarehe 2 Novemba.

Tunampa Kaunda haki yake. Alikuwa na jeshi, polisi na redio. Angeweza kung'ang'ania, na damu ingemwagika. Badala yake alikubali matokeo, akawaaga wananchi, akamkabidhi mwenzake Ikulu. Katika bara letu jambo hilo lilikuwa geni siku zile, na katika nchi nyingi limebaki geni. Aliishi mpaka tarehe 17 Juni 2021, na alipokufa hata waliompigia kura za kumtoa walimlilia. Mtu hupimwa pia kwa namna anavyotoka mlangoni.

Kwa wafanyakazi ilikuwa sikukuu. Mtu aliyekula nao, aliyelala mahabusu kwa ajili yao, sasa ni Rais. Zimba na Sampa, wale wenzake wa kizuizini, wakawa mawaziri. Nani asingeshangilia? Hata sisi tungekuwako tungeshangilia.

MIEZI ILIYOFUATA

Sasa tuje kwenye kiini cha habari. Serikali mpya iliondoa ruzuku ya unga, ile ile ambayo Kaunda alishindwa kuiondoa bila damu kumwagika. Bei zikapaa. Mwaka 1992 pia ulikuwa mwaka wa ukame mkubwa kusini mwa Afrika, na mahindi yaliungua mashambani. Kilichokuwa kikinunuliwa kwa mshahara wa mwezi mwanzoni mwa mwaka hakikununulika mwisho wa mwaka. Lakini mara hii miji ya migodi haikuingia barabarani kama mwaka 1986 na mwaka 1990.

Kwa nini kimya? Njaa haikuwa imepungua. Kilichokuwa kimeongezeka ni imani. Watu walisema: huyu ni wetu, tumpe muda, anajua taabu zetu, hawezi kututupa. Mwenye njaa akimwamini mpishi hungoja hata chungu kikiwa kitupu.

Mwaka 1992 ilitungwa sheria ya kuuza mashirika ya umma, na ofisi maalum ikaundwa kwa kazi hiyo. Tuwe wakweli tena: MMD haikuficha. Ilani yake ilisema wazi kwamba biashara itaachiwa watu binafsi. Kwa muda wa miaka kumi mashirika zaidi ya 200 yaliuzwa, mengine yakafungwa tu. Shirika la ndege la taifa lilifilisiwa mwisho wa mwaka 1994. Mgodi wa risasi na zinki wa Kabwe, uliofanya kazi tangu mwanzo wa karne, ulifungwa mwaka huo huo wa 1994, na mji mzima ukabaki na vumbi lenye sumu ya risasi ambalo mpaka leo linawadhuru watoto.

Mwisho ikafika zamu ya shaba yenyewe. Shirika la migodi, ZCCM, liligawanywa vipande vipande na kuuzwa kati ya mwaka 1997 na mwaka 2000. Mwaka 1991 migodi iliajiri watu zaidi ya 50,000. Mwaka 2000 walibaki kama 22,000. Ndugu msomaji, usizipite namba hizi haraka. Kila mmoja wa waliotoka alikuwa na mke au mume, watoto, na wazee kijijini wanaongoja fedha. Ukizidisha kwa sita au saba, utaona ni watu wangapi waliovuliwa shati kwa mara moja.

Tena mgodi wa zamani haukuwa kazi tu. Shirika lile liliendesha hospitali, shule, maji, taka na viwanja vya michezo. Mtoto wa mchimba madini alizaliwa katika hospitali ya mgodi na kukulia katika nyumba ya mgodi. Wanunuzi wapya walitaka shaba. Hayo mengine mengi hawakuyataka. Nyumba ziliuzwa kwa waliokuwa wakiishi ndani yake, na jambo hilo wengi walilifurahia, maana mtu alipata pa kulaza kichwa. Lakini wengi walikatwa bei ya nyumba katika kiinua mgongo chao. Wakabaki na kuta bila fedha, na kuta haziliwi.

Luanshya ilionja zaidi. Mgodi wake uliuzwa mwaka 1997 kwa kampuni ya kigeni, na kabla miaka minne haijatimia, mwaka 2000, kampuni ikawa mikononi mwa mfilisi. Maelfu ya wafanyakazi walibaki wakidai haki zao kutoka kwa kampuni isiyokuwa na kitu. Na pale ambapo migodi ilifunguliwa upya, wengi walichukuliwa kama vibarua wa mikataba mifupi, wasio na pensheni wala kinga. Aprili 2005 kiwanda cha baruti huko Chambishi kililipuka, na wafanyakazi zaidi ya 40 walikufa. Wengi wao walikuwa vijana.

Wako watakaosema: je, kulikuwa na njia nyingine? ZCCM ilikuwa inapoteza fedha kila siku, mitambo imechakaa, na shaba iliyotolewa ilikuwa imeshuka kutoka tani zaidi ya 700,000 kwa mwaka katika siku zake njema hadi kama tani 250,000 mwaka 2000. Ni kweli, na mtu anayewaambia wafanyakazi kwamba mgodi ungeweza kuendelea vile vile anawadanganya. Lakini kuna tofauti kubwa kati ya kupunguzwa kazini ukiwa na mkataba mkononi, na kupunguzwa ukiwa umeahidiwa kwa mdomo. Mauzo yanaweza kulazimika. Hakuna sheria ya uchumi inayosema kiinua mgongo kicheleweshwe miaka, wala kwamba mnunuzi apewe mgodi bila kubanwa juu ya watu walio ndani yake. Hayo ni mambo ya majadiliano, na majadiliano yanahitaji chama chenye nguvu upande wa pili wa meza.

CHAMA KILIKUWA WAPI?

Viongozi wenye uzoefu mkubwa walikuwa wamekwenda serikalini. Hilo ni pigo la kwanza. Aliyejua siri zote za majadiliano, anayejua ni wakati gani wafanyakazi wamechoka na ni wakati gani wana nguvu ya kugoma, sasa amekaa kiti cha mwajiri.

Pigo la pili lilikuwa aibu. Waliobaki katika ofisi za vyama waliona haya kumpinga ndugu yao. Walikuwa wameimba jina lake. Ukigoma leo dhidi ya mtu uliyemwimbia jana, watu watakuuliza ulikuwa unaimba nini.

Pigo la tatu lilikuwa mgawanyiko. Mwaka 1994 vyama kadhaa vikubwa, pamoja na kile cha wachimba madini, vilijitoa katika shirikisho. Kwa hiyo migodi ilipofika sokoni, wafanyakazi wa Zambia hawakuwa na sauti moja tena. Lile shirikisho lililoitikisa UNIP lilikuwa limepungua mwili bila kupigwa rungu hata moja.

Tuseme pia kwamba wafanyakazi wa Zambia hawakulala moja kwa moja. Watumishi wa serikali, walimu na wauguzi waligoma mara nyingi katika miaka ile. Na mwaka 2001, Chiluba alipotaka kubadili katiba ili agombee mara ya tatu, makanisa, wanasheria, vyama vya wanawake na wabunge wa chama chake mwenyewe walisimama. Watu walivaa utepe wa kijani na kupiga honi za magari siku za Ijumaa. Mwezi Mei 2001 alikubali kuondoka. Mrithi wake, Levy Mwanawasa, alishinda Desemba mwaka huo kwa kura kama 29 tu katika kila 100, na baadaye Chiluba alivuliwa kinga na kushtakiwa kwa mambo ya fedha za umma. Mwaka 2007 mahakama moja ya London ilimwona kuwa na hatia ya madai. Mwaka 2009 mahakama ya jinai ya Lusaka ilimwachilia. Alikufa tarehe 18 Juni 2011.

Hatuandiki haya kumsema marehemu. Tunaandika kwa sababu mtu yule alikuwa mwenzetu. Kama angekuwa mwovu tangu mwanzo, funzo lingekuwa rahisi: chagueni mtu mwema. Lakini alikuwa amefungwa kwa ajili ya wafanyakazi. Basi wema wa mtu hautoshi. Kiti cha Rais kina deni la nchi mezani, wakopeshaji mlangoni na matajiri wa chama chake sebuleni. Kama wafanyakazi hawapo nao wakigonga, atawasikiliza wanaogonga.

MAMBO YA KARIBU NA KWETU

Asidhani mtu kwamba ni Zambia peke yake. Jirani zetu wa Tanganyika walianza mapema. Rashidi Kawawa alikuwa kiongozi wa shirikisho la wafanyakazi, TFL, lililosaidia sana kuleta uhuru wa Desemba 1961. Januari 1962 alikuwa Waziri Mkuu. Mwaka ule ule wa 1962 zilipitishwa sheria zilizobana sana haki ya kugoma. Mwaka 1964, baada ya maasi ya askari, viongozi wengi wa vyama walikamatwa, TFL ikavunjwa, na chama kimoja, NUTA, kikaundwa chini ya serikali. Katibu Mkuu wake, Michael Kamaliza, aliyekuwa rais wa TFL, alikuwa wakati huo huo Waziri wa Kazi. Mfanyakazi aliyekuwa na malalamiko juu ya serikali aliyapeleka kwa mtu yule yule aliyekuwa serikali. NUTA ilileta mambo mema pia, lakini sauti ya kudai haikuwa tena ya wafanyakazi wenyewe.

Na sisi hapa Uganda? Tunao wabunge watano wa wafanyakazi, jambo ambalo nchi nyingi hawana. Ni heshima. Lakini tujiulize matunda yake. Kima cha chini cha mshahara kilichowekwa mwaka 1984 kilikuwa shilingi 6,000 kwa mwezi. Miaka 35 baadaye, Februari 2019, Bunge lilipitisha muswada wa kuweka utaratibu mpya, na Rais akakataa kuutia sahihi. Siku ile tulitazamia kuona matawi yote yakikutana: ya miwa, ya chai, ya maua, ya nguo, ya chuma. Tulisikia minong'ono ya hapa na pale. Katika matawi tunayoyatembelea wengi walisema: tunao wabunge wetu, watashughulika. Ni wimbo ule ule wa Ukanda wa Shaba, umeimbwa kwa lugha nyingine.

Wale wa Jinja wenye umri wetu wanakumbuka pia jinsi mashirika ya umma yalivyouzwa hapa katika miaka ya tisini. Waliokuwa na chama imara waliondoka na karatasi yenye hesabu. Wasiokuwa na chama waliondoka na barua ya shukrani.

BASI TUFANYE NINI?

Hatusemi wafanyakazi wakae mbali na siasa. Huo ni ushauri wa mwajiri. Bei ya unga ni siasa, sheria ya kazi ni siasa, na mfanyakazi asiyepiga kura anawaachia wengine kumpangia mshahara. Tunasema mambo haya matano, na kila tawi liyazungumze.

La kwanza: kabla ya kumwunga mkono mgombea yeyote, tudai ahadi kwa maandishi. Iwe na mambo machache yanayopimika: kima cha chini, ulipaji wa kiinua mgongo kabla ya kiwanda kuuzwa, mwisho wa ukibarua usiokoma. Ahadi ya jukwaani hupeperuka na vumbi la magari ya kampeni.

La pili: kiongozi wa chama akiteuliwa au akichaguliwa kushika kazi serikalini, aache kiti cha chama siku hiyo hiyo. Tumpongeze, tumpe mkono, na tuchague mwingine. Mtu hawezi kukaa pande mbili za meza moja.

La tatu: tufundishe warithi kabla ya haja. Kila katibu wa tawi awe na vijana wawili, mwanamke na mwanamume, wanaojua kusoma mkataba wa hali bora, kuandika muhtasari, na kuhesabu mafao. Zambia walipopoteza viongozi wao kwa Ikulu, mengi yaliondoka nao kichwani mwao.

La nne: fedha ya ada isiguswe na mwanasiasa, hata awe ndugu yetu wa damu. Ada ni ya kesi, ya mafunzo na ya siku za mgomo. Chama kilichonunulia mgombea fulana hakina nauli ya kumpeleka mfanyakazi mahakamani.

La tano: tusitoe muda usio na kikomo. Kila serikali mpya husema ipewe nafasi. Sawa, ipewe. Lakini tuseme mpaka lini, na siku hiyo ikifika mkutano uitishwe, ahadi zisomwe moja moja, na wanachama waamue. Kumpa mtu muda bila tarehe ni kumwambia alale.

Na kuna jambo moja zaidi linalotangulia hayo yote. Baada ya kura tusiruhusu uadui wa vyama vya siasa uingie karakana. Katika mstari mmoja wa wakata miwa wamo waliompigia huyu na waliompigia yule. Mwajiri anapotaka kupunguza watu hafurahii kitu kama kuona wafanyakazi wamenuniana. Nyapara akisikia tunatukanana kwa ajili ya wagombea, anajua kwamba mwezi huo hakuna atakayehoji mzani.

Mwenzetu aliyeshinda asimcheke aliyeshindwa, na aliyeshindwa asisuse mkutano wa tawi. Kadi ya chama cha siasa ibaki nyumbani, kadi ya chama cha wafanyakazi ije kazini. Rais akiwa wa kwetu, tumheshimu na tumdai. Akiwa si wa kwetu, tumheshimu na tumdai vile vile.

Tunayaomba matawi yote yaisome makala hii katika mkutano wa mwezi, kwa sauti, ili na wale wasiojua kusoma wasikie, kisha kila tawi liandike majibu ya swali moja: tangu uchaguzi uliopita, ni ahadi ipi tuliyopewa, ni nani aliyetupa, na ni siku gani tutakwenda kumkumbusha? Majibu yaletwe kwa katibu wa wilaya kabla ya mkutano mkuu.

Umoja ni nguvu.